Mizani ya Leo Imo Ndani ya Simu

Wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa, wale waliouza mazao yao mwanzoni mwa miaka ya 1950, waliijua dhuluma moja kuliko nyingine zote, nayo ni dhuluma ya mizani. Mkulima alilima kwa jembe la mkono, akapalilia, akachuma, akaubeba mzigo wake mpaka kwa mnunuzi. Na hapo penye mizani, kwa muda wa dakika moja tu, sehemu ya jasho lake ilitoweka. Hakuna aliyemtisha kwa silaha wala aliyemvunjia nyumba usiku. Aliibiwa mchana kweupe, mbele ya macho yake mwenyewe, kwa chombo ambacho hakupata kufundishwa namna kinavyofanya kazi.

Twaikumbusha habari hiyo kwa sababu leo, katika mji wa Mwanza na katika pwani yote ya Ziwa, mizani ya namna ile imerudi. Safari hii haikufungwa kwenye mti wa ghala la pamba. Imo ndani ya simu ya mama auzaye vitenge, ya kijana auzaye viatu kwa picha, ya mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, na ya kampuni ndogo ipelekayo wageni Serengeti. Na kama ilivyokuwa zamani, mwenye kupunjwa ni yule asiyeifahamu mizani.

Biashara ya siku hizi haingoji mnunuzi afike dukani. Muuzaji wa Makoroboi hupiga picha ya bidhaa, akaionyesha katika mtandao, na mteja aliye Sengerema, Geita, Bukoba au hata Goma akaagiza. Malipo huja kwa simu au kwa kadi ya benki. Mzigo hupakiwa kwenye pikipiki hadi gati la Kamanga, au hupita juu ya Daraja la J. P. Magufuli, lile la kilomita 3 liunganishalo Kigongo na Busisi, lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Bidhaa ambayo zamani ilingoja foleni ya kivuko sasa yavuka maji kwa dakika chache. Hayo ni maendeleo, nasi twayapokea kwa furaha. Walakini yafaa tutambue kwamba mwendo wa mzigo ukiongezeka, na mwendo wa mwizi huongezeka pia. Muuzaji akigundua saa nane kwamba malipo ya saa sita yalikuwa ya uongo, mzigo wake umekwisha kuvuka.

Wizi huu una sura mbili, ya kadi na ya simu. Watu wengi huzichanganya, na kwa kuzichanganya huchukua dawa ya ugonjwa mmoja wakautibu mwingine. Basi na tuzitazame moja moja.

WIZI WA KADI

Mtu anaponunua kwa kadi dukani, kadi huingizwa katika mashine na mwenyewe hubonyeza namba yake ya siri. Lakini anaponunua kwa njia ya mtandao, kadi yenyewe haionekani. Kinachofika kwa muuzaji ni maandishi tu: namba ya kadi, tarehe ya mwisho wa matumizi yake, na zile tarakimu tatu zilizoandikwa nyuma. Mtu yeyote aliyezipata habari hizo kwa njia ya wizi, hata kama mwenye kadi yuko London na kadi yake imo mfukoni mwake, aweza kuagiza bidhaa Mwanza.

Hapa ndipo wauzaji wengi wadogo hupotea njia. Wakiona malipo yamekubaliwa, hudhani kwamba biashara imekwisha. Sivyo hata kidogo. Idhini ya benki yasema kwamba kadi ipo, kwamba haijafungwa, na kwamba ina fedha. Haisemi kwamba aliyeitumia ndiye mwenyewe. Siku chache baadaye, au miezi kadhaa baadaye, mwenye kadi wa kweli husoma hesabu yake, akaona malipo asiyoyajua, akalalamika kwa benki yake. Kwa kanuni za makampuni makubwa ya kadi, Visa na Mastercard, muda wa kulalamika aghalabu huwa siku 120. Benki yake humrudishia fedha. Na fedha hizo hutoka wapi? Hutolewa katika hesabu ya muuzaji, pamoja na ada ya usumbufu.

Kwa hiyo muuzaji hupigwa mara tatu: bidhaa imekwenda, fedha zimerudishwa, na ada ameitozwa. Na malalamiko yakizidi, kampuni iliyompokelea malipo yaweza kumfungia mlango kabisa, akaonekana yeye ndiye mtu wa mashaka.

Haifai kusema kwamba utaratibu huu ni uovu mtupu. Ulianzishwa kwa sababu ya haki. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1970 iliweka kikomo cha dola 50 kwa hasara awezayo kubebeshwa mwenye kadi iliyotumiwa pasipo ridhaa yake, na sheria nyingine ya mwaka 1974 ikampa mnunuzi njia ya kupinga hesabu asiyoikubali. Mnyonge aliyekusudiwa kulindwa alikuwa mnunuzi, naye alipambana na mabenki na maduka makubwa. Duka kubwa laweza kubeba hasara ya kadi kumi za wizi kama tembo abebavyo unyasi. Lakini kanuni ile ile ikimfikia mwenye duka la chumba kimoja, aliyekopa mtaji katika kikundi cha akiba, tembo hayupo tena: unyasi umekuwa gogo, na mbebaji ni mtu.

Hapa kwetu, walio hatarini zaidi ni wale wanaowauzia wageni wa mbali: nyumba ndogo za wageni, wauzaji wa vinyago na vikapu, na makampuni madogo ya safari za Serengeti, Rubondo na Saanane. Kwao hao iko hila moja ambayo imezunguka ulimwengu mzima. Mgeni asiyejulikana huandika kwamba analeta kundi la watu kumi. Hashindani na bei. Hulipa kwa kadi, tena hulipa zaidi ya anachodaiwa. Kisha huomba kwa upole kwamba ile ziada atumiwe “wakala” wake kwa njia nyingine ya fedha. Mwenye kampuni, akiona fedha zimeingia, huituma ziada hiyo. Baada ya wiki kadhaa malipo yote yarudishwa kwa mwenye kadi aliyeibiwa. Kundi la watu kumi halikuwapo. Kilichokuwapo ni ile ziada, na hiyo imekwenda isikorudi.

Jambo lingine la kuangaliwa ni malipo madogo madogo yasiyo na maana. Mwizi aliyenunua orodha ya namba za kadi hajui zipi zingali hai. Huzijaribu katika duka dogo la mtandao kwa kununua kitu cha bei ndogo, kadi hii ikikataliwa akaweka nyingine, na nyingine tena. Muuzaji akiona kadi nyingi zinajaribiwa kwa muda mfupi, asifurahi kwamba wateja wameongezeka. Duka lake limefanywa jiwe la kunolea kisu, na kisu hicho kitakwenda kumkata mwingine.

WIZI WA SIMU

Lakini watu walio wengi hapa Mwanza hawalipi kwa kadi. Hulipa kwa simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na ikaingia Tanzania mwaka 2008. Makampuni mengine yakafuata, na leo simu imekuwa benki ya mvuvi, ya mkulima na ya kibarua. Kwa hiyo wizi unaowagusa wasomaji wetu wengi ni huu wa pili.

Ulaghai ulio mwepesi kuliko wote ni ujumbe wa uongo. Mnunuzi husema, “Nimekwisha kutuma.” Mara simu ya muuzaji yalia, na ujumbe wafika, umeandikwa kwa maneno yale yale ya kampuni ya simu: kiasi, jina, namba ya kumbukumbu, na salio jipya. Muuzaji ana wateja watano mbele yake. Autazama mara moja, akatoa mzigo. Jioni anapohesabu hupata kwamba fedha hazikuingia. Ujumbe ule ulitoka katika namba ya mtu binafsi, wala haukutoka katika kampuni. Wengine hawatumi hata ujumbe. Huonyesha picha ya malipo katika simu yao wenyewe, nayo picha hutengenezwa kwa urahisi kama mtoto achoravyo mchangani.

Hila ya pili huanza na malipo ya kweli. Mnunuzi hulipa, hupokea mzigo, kisha huiarifu kampuni ya simu kwamba alituma kwa makosa na kuomba fedha zizuiwe na kurudishwa. Utaratibu wa kurudisha fedha zilizopotea njia ni mwema, na wengi wamesaidiwa nao. Lakini mwongo huugeuza kuwa silaha. Muuzaji asiye na hati yoyote ya kuonyesha kwamba aliuza na kupeleka hana la kujibu.

Hila ya tatu ni ile ambayo karibu kila mwenye simu nchini ameionja: ujumbe wa mtu asiyejulikana asemaye kwamba ile fedha itumwe kwenye namba hii nyingine. Hutumwa kwa maelfu ya watu bila kuchagua, kama nyavu za macho madogo. Katika maelfu hayo hapakosi muuzaji ambaye kweli alikuwa akidaiwa siku hiyo na mtu wa mizigo, naye hutuma akidhani amelipa deni.

Serikali haikukaa kimya. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yafanya udanganyifu wa namna hii kuwa kosa la jinai. Mwaka huo huo ilitungwa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa, iliyoyaweka makampuni ya malipo chini ya leseni na uangalizi wa Benki Kuu. Usajili wa laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa ulikamilishwa kwa lazima mwezi Januari 2020. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imeweka namba 15040 ya kupelekea ujumbe wa kitapeli na namba ya aliyeutuma, na njia ya *106# ya mtu kutazama ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Taarifa za mamlaka hiyo zimekuwa zikionyesha ni mikoa ipi laini nyingi za kitapeli hutumika, na mara kwa mara mikoa ya Rukwa na Morogoro imetajwa mbele.

Hilo lisitufanye sisi wa Ziwa kujiona tu safi. Laini moja husajiliwa mkoa huu, huuzwa mkoa ule, na humwibia mtu wa mkoa wa tatu. Na walaghai hawa si majini. Ni vijana waliosoma, wenye akili na wepesi wa vidole, ambao wangeweza kuwa makarani, mafundi au wafanyabiashara wazuri. Kijana ambaye kazi yake ni kumnyang'anya mama muuza dagaa ni kupe, hata kama mwenyewe ni masikini. Kunyonya hakuhitaji tumbo kubwa.

KINGA YA MUUZAJI

Wako wasemao kwamba dawa ni moja: kukataa kadi, kukataa simu, kurudi kwenye fedha taslimu. Sisi hatukubaliani nao. Fedha taslimu huibiwa pia, tena kwa panga. Na mnunuzi wa Goma au Kigali hawezi kuja Kirumba na mfuko wa noti kila anapotaka gunia la dagaa. Kukimbia soko ni kuwaachia soko wakubwa. Mkulima wa pamba hakuambiwa aache kulima kwa sababu ya mizani mbovu. Aliambiwa ajifunze kuisoma.

Basi kwa upande wa simu, sheria ya kwanza ni hii: ujumbe si fedha. Fedha ni salio. Kabla ya kutoa mzigo, muuzaji afungue mwenyewe orodha ya huduma katika simu yake, aangalie salio lake au orodha ya malipo yaliyoingia. Akiwa na wateja kumi, wangoje wote kumi. Mteja wa kweli hatachukia kungoja dakika moja. Atakayechukia na kupiga kelele ndiye wa kutazamwa zaidi. Ya pili, fedha za biashara zipokewe kwa namba ya biashara, zisichanganywe na za nyumbani, ili kila malipo yawe na mahali pake na yaweze kufuatiliwa. Ya tatu, kila mauzo yawe na stakabadhi, hata ya karatasi ya daftari: jina la mnunuzi, namba yake, bidhaa, siku, na namba ya kumbukumbu ya malipo. Ya nne, mzigo unaokwenda mbali upewe neno la siri. Mnunuzi aambiwe neno hilo, na mwenye pikipiki asikabidhi mzigo mpaka alisikie, kisha mpokeaji atie sahihi. Siku ya mashitaka, daftari na sahihi ndivyo vitakavyosema.

Kwa upande wa kadi, la kwanza ni muuzaji kutozigusa habari za kadi. Asipokee namba za kadi kwa ujumbe wala kwa picha, wala asiziandike daftarini. Kanuni za usalama za makampuni ya kadi zakataza kabisa kuzihifadhi zile tarakimu tatu baada ya malipo kuidhinishwa. Malipo yapitie kampuni yenye leseni ya Benki Kuu, na muuzaji adai kwamba kampuni hiyo itumie ule ukaguzi wa pili ambao humtaka mwenye kadi kuthibitisha malipo kwa benki yake, kwa mfano kwa namba inayotumwa katika simu yake. Huu si urembo. Ukaguzi huo ukifanyika, mzigo wa hasara ya kadi iliyoibiwa aghalabu huhama kutoka kwa muuzaji na kuwa juu ya benki iliyoitoa kadi. Hii ndiyo ngao kubwa kuliko zote aliyonayo muuzaji mdogo, na wengi hawajui hata kama ipo.

Yako maduka ya ng'ambo ambayo hulinganisha anwani ya mnunuzi na ile iliyo benki. Hiyo hufaa kwa kadi za Marekani, Uingereza na Kanada. Kwetu, licha ya kazi kubwa ya kuweka anwani za makazi iliyofanywa mwaka 2022, kadi nyingi hazikaguliwi kwa njia hiyo. Kwa hiyo muuzaji wa hapa asiitegemee kinga iliyotengenezwa kwa mitaa ya watu wengine. Atumie akili ya soko. Ajihadhari na agizo la kwanza lililo kubwa kupita kawaida. Na mnunuzi asiyeuliza bei lakini ana haraka ya kupokea. Na jina la kadi lisilolingana na la mpokeaji. Na mtu abadilishaye mahali pa kupelekewa mzigo baada ya kulipa. Agizo la namna hiyo lingoje siku mbili tatu, na mnunuzi apigiwe simu. Na fedha zikibidi kurudishwa, zirudi katika kadi ile ile zilikotoka. Yeyote atakaye zirudi kwa njia nyingine amekwisha kujitaja.

Walakini tahadhari isigeuke kuwa dharau. Mteja mpya si mwizi mpaka ithibitike. Muuzaji anayemhoji kila mtu kama askari wa mpakani atazilinda bidhaa zake vizuri sana, maana hakuna atakayezinunua. Utaratibu uwe mmoja kwa wote, usemwe mapema na kwa heshima, ili asiwepo wa kuona kwamba yeye peke yake ameshukiwa.

HASARA ISIMSHUKIE MFANYAKAZI

Liko jambo ambalo halisemwi sana, nalo lawahusu wafanyakazi. Katika maduka mengi mwenye duka hayupo. Yupo msichana au kijana wa mshahara mdogo. Ujumbe wa uongo ukimpita, siku ya mshahara husikia kwamba hasara yote ni yake. Hufanya kazi mwezi mzima kumlipia tapeli asiyemjua.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukata mshahara ovyo ovyo kwa sababu ya hasara. Hasara sharti iwe imetokana na kosa la mfanyakazi mwenyewe. Mwajiri aeleze kwa maandishi sababu na kiasi cha deni. Na mfanyakazi apewe nafasi ya kujitetea. Nasi twauliza: kosa la mfanyakazi li wapi, ikiwa simu ya kupokelea malipo iko nyumbani kwa tajiri, na yeye dukani hana njia ya kutazama salio? Mwajiri asiyetoa chombo wala mafunzo hawezi kuosha mikono yake katika jasho la mtumishi. Kwa upande wake mfanyakazi naye ana wajibu. Akipewa utaratibu aufuate, namba ya siri ailinde, na asifanye urafiki na mtu anayemtaka “afumbe macho mara moja tu.” Wizi mwingi mkubwa hauingii kwa dirisha, hufunguliwa mlango na aliye ndani.

WAJIBU WA WENYE MIZANI

Tumesema mengi juu ya muuzaji. Haingekuwa haki kukoma hapo, kana kwamba makosa yote ni ya mdogo. Makampuni ya simu, mabenki na makampuni ya kupokea malipo hupata ada katika kila shilingi ipitayo. Mwenye mizani akitoza ushuru wa mizani, sharti aiweke sawa.

Mambo matatu twayadai. La kwanza, mikataba ya kupokea malipo ya kadi, ambayo aghalabu huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, iandikwe pia kwa Kiswahili kinachoeleweka, na ile ibara isemayo nani atabeba hasara iwekwe mbele kwa herufi kubwa. Mtu asitie sahihi hukumu yake bila kuisoma. La pili, ule ukaguzi wa pili wa kadi uwekwe tangu mwanzo kwa kila muuzaji mdogo, usiwe zawadi ya wale wajuao kuuliza. La tatu, muuzaji akiripoti wizi wa simu, fedha zizuiwe kwa dakika, zisingoje siku, maana tapeli hutoa fedha zake kwa wakala kabla kikombe cha chai hakijapoa. Na anapolalamika mnunuzi kwamba alituma kimakosa, muuzaji asikilizwe kabla fedha hazijarudishwa.

Polisi nao waijue kazi hii. Muuzaji aliyeibiwa elfu themanini akifika kituoni asichekwe kwamba ni kidogo. Tapeli huishi kwa vile vidogo vya watu wengi, na jalada moja dogo laweza kuwa mkia wa nyoka mrefu.

TUIJENGE MIZANI YETU

Sasa turudi kwa wakulima wa pamba. Je, waliishindaje dhuluma ya mizani? Hawakuishinda kwa kila mtu kuwa mwerevu peke yake. Mkulima mmoja aliyebisha aliambiwa auchukue mzigo wake aende nao. Waliishinda walipoungana. Waliunda vyama, wakaweka watu wao wa kusimamia upimaji, wakanunua na kuuza pamba yao wenyewe. Na kufikia mwaka 1955 vyama hivyo, vikiongozwa na Paul Bomani, vilikuwa vimeunda shirikisho la ushirika la Victoria, makao yake yakiwa hapa hapa Mwanza. Kilichogeuza mambo ni kwamba mizani ilipata watazamaji wanaoielewa na wasioogopa.

Kazi kama hiyo yawezekana leo. Wafanyabiashara wa Makoroboi, wa Mlango Mmoja, wa Mwaloni Kirumba, wenye maduka ya Kamanga na Sengerema, wenye nyumba za wageni na wapeleka wageni, wote wana vyama au vikundi vya akiba. Kikundi kikikutana kuhesabu hisa, robo saa itengwe kwa habari za ulaghai mpya: umekujaje, umesema nini, umemnasa nani. Hila iliyotangazwa Jumatatu Kirumba haitamnasa mtu Jumatano Sengerema. Kikundi kimoja chaweza kumwita mtu wa benki au wa TCRA kufundisha watu hamsini, ambapo mtu mmoja mmoja asingesikilizwa. Na wauzaji thelathini wakienda pamoja kwa kampuni ya malipo kudai mkataba mwema, watapokewa kwa viti.

Lakini hapa yafaa tuwe waangalifu. Kupashana habari za hila ni jambo moja. Kubandika majina na picha za watu na kuwaita wezi ni jambo jingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka mipaka ya matumizi ya habari za watu. Tena namba iliyotumiwa na tapeli yaweza kuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha bibi kizee wa kijijini asiyejua lolote. Namba ya kushukiwa ipelekwe 15040 na polisi. Hukumu ni ya mahakama.

Ndugu wasomaji, maisha ya watu wetu hayakujengwa juu ya fedha nyingi. Yamejengwa juu ya fedha ndogo zinazozunguka haraka na kwa uaminifu: mtaji wa laki tatu, karo ya mtoto, rejesho la Ijumaa. Tapeli anapoiba mzunguko mmoja tu, huangusha mizunguko mitatu iliyofuata nyuma yake. Ndiyo maana hatulioni jambo hili kuwa la wataalamu wa mitambo peke yao. Ni jambo la chakula, la kazi, na la heshima ya mtu anayejitegemea kwa mikono yake.

Wazee wetu waliikuta mizani wasiyoijua, wakajifunza kuisoma, kisha wakaisimamia wenyewe. Kizazi hiki kimepewa mizani nyingine, ndogo, inayokaa mfukoni. Ni aibu kuibeba mchana kutwa bila kujua kuisoma. Leo kabla hujatoa mzigo, tazama salio. Kesho mfundishe jirani yako. Na kikundi chenu kikikutana, liwekeni jambo hili mbele, juu ya meza, pamoja na daftari la hisa.